Kadi Nne za Shukrani

Jina la akina Teague lilisomwa la tatu katika orodha ya maombi, baada ya goti la mzee Hobart na kabla ya mvua ya kuoteshea majani ya ng'ombe.

"Tuwaombee ndugu zetu Verlin na Lorna Teague, na kijana wao Colby," alisema Mchungaji Orrick, macho yake yakiwa kwenye karatasi ya ibada. "Bwana awaondolee uchungu mioyoni mwao."

Kwetu hakuna anayemsengenya mwenzake. Tunaombeana. Ukitaka watu mia mbili wajue kwamba binti wa fulani ana mimba, au kwamba fulani ameirudia chupa, huna haja ya kunong'ona. Unapeleka ombi lako ofisini kwa kanisa kabla ya Alhamisi mchana, nalo linachapwa. Lorna alilijua jambo hilo vizuri, maana yeye mwenyewe alishapeleka maombi ya namna hiyo, tena si mara moja. Siku hiyo alikaa benchi la nne, mahali pake pa miaka ishirini na tisa, ndani ya gauni la buluu alilolipiga pasi asubuhi, shingo imenyooka. Watu waliinamisha vichwa. Yeye hakuinamisha. Verlin, mumewe, alikuwa anatazama viatu vyake.

Uchungu wenyewe ulikuwa huu. Colby, mtoto wao wa pekee, fundi wa nguzo za umeme mwenye miaka ishirini na tano, alikuwa ameishtaki Kambi ya Chemchemi Tisa. Ni kambi ambayo makanisa ya huku hupeleka watoto kila Julai wakaogelee, waimbe na waokoke. Mlezi wa kibanda chake, kijana aliyeitwa Tripp Langdale, alimdhulumu kingono kwa majira manne ya joto, tangu Colby akiwa na miaka kumi. Hilo halikuwa na ubishi tena, kwani Tripp alikuwa gerezani kwa ajili ya watoto wengine. Ubishi ulikuwa juu ya kambi. Kambi ilisema haikujua. Haikuambiwa na mtu yeyote, kwa mdomo wala kwa maandishi.

Baada ya ibada Nadine Fitch alimkamata Lorna mlangoni, mkono begani.

"Dada Lorna! Gauni zuri, jamani."

"Ni lile lile la Pasaka, Nadine."

"Sikiliza, mpenzi. Tumezungumza na akina dada. Tumeona upumzike kidogo na jiko la kanisa siku za Jumatano. Una mengi sasa hivi."

"Sina mengi. Nina kesi moja."

"Ndiyo hiyo ninayosema."

"Na nani atapika?"

"Tutagawana tu. Mimi nitasimamia."

Lorna alimtazama kuanzia nywele hadi viatu. "Wewe, Nadine? Watu mia na ishirini?"

"Mungu atatusaidia."

"Itabidi," alisema Lorna, akatoka.

*

Barua ya kambi ilikuwa imefika Ijumaa. Colby aliileta mezani Jumapili hiyo, akaiweka katikati ya nyama ya kuoka na bakuli la maharagwe mabichi, kama mtu anayeweka ndege aliyekufa. Verlin alivaa miwani yake ya kuchomelea vyuma, akaivua, akavaa ya kusomea.

"Dola laki nne," alisoma.

Lorna alimwongezea mwanawe viazi.

"Endelea ukurasa wa nne, baba," alisema Colby.

Verlin alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Mlalamikaji hatazungumza na mtu yeyote kuhusu kambi, kuhusu Langdale, kuhusu malipo, wala kuhusu makubaliano haya yenyewe. Wazazi wa mlalamikaji watatia saini vilevile. Atakayevunja atarudisha fedha zote.

"Hata mke nitakayemwoa siruhusiwi kumwambia," alisema Colby. "Akiniuliza kwa nini nalala taa ikiwaka, nimwambie napenda umeme."

"Wewe ni mtu wa umeme," alisema Verlin, akijaribu kutabasamu. Tabasamu halikufika popote.

"Unazitaka, baba?"

"Sizitaki. Nataka iishe." Verlin alikunja barua vibaya, ikakunjuka yenyewe. "Mtu wa kanisa hamburuti mtu wa kanisa mahakamani. Ndivyo nilivyolelewa. Mchungaji alinisimamisha pale kituo cha mafuta, mbele ya watu, akaniuliza: Verlin, mmeshindwa kuyamaliza ndani? Kama vile tumevunja dirisha la mtu."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia bei ya dizeli imepanda."

Colby alicheka, na mama yake pia, na kwa muda mfupi ilikuwa Jumapili kama nyingine. Kisha Lorna akauliza, "Wakili anasemaje?"

Wakili wao aliitwa Renata Sobol, mwanamke wa Kansas City, mwenye sauti kavu na gari dogo lililojaa makaratasi. Alikuwa amesema hivi, na Colby akayarudia neno kwa neno: kambi ina hoja moja tu, kwamba haikuambiwa. Wao akina Teague hawana karatasi inayosema iliambiwa. Alhamisi mama atahojiwa kwa kiapo na wakili wa kambi. Akitoka salama, watasonga mbele. Akiyumba, laki nne zitashuka, na ukurasa wa nne utabaki vilevile, na hawatakuwa na nguvu ya kuukataa.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Lorna.

"Ni wewe, mama."

"Basi kula nyama. Inapoa."

*

Chumba cha kuhojiwa kilikuwa ghorofa ya tano mjini Springfield, chenye meza ndefu na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Karani wa kuchapa maneno alikaa pembeni, vidole vikiwa tayari. Colby alikaa mbele ya mama yake, kando ya Renata. Wakili wa kambi, Bwana Kimbrough, alikuwa mpole kupita kiasi. Alimuuliza Lorna kama kiti kinamfaa. Alimuuliza anafanya kazi gani.

"Napika katika shule ya msingi. Miaka kumi na tisa."

"Kazi nzuri sana."

"Hujala chakula chetu."

Kimbrough alitabasamu. Akafungua jalada, akatoa karatasi nne, akazipanga mbele yake taratibu.

"Bi. Teague, unautambua mwandiko huu?"

Aliutambua kabla hajavaa miwani. Zilikuwa nakala za kadi za shukrani, moja kwa kila mwaka. Kwetu zawadi haijapokelewa mpaka kadi iandikwe, na kadi ya mtoto aliyetoka kambini huandikwa ndani ya wiki moja, hata kama masanduku hayajafunguliwa. Lorna alilelewa hivyo na mama yake, naye akamlea Colby hivyo. Aliwahi kumwandikia kadi daktari aliyemng'oa jino.

"Ni mwandiko wangu."

"Naomba nisome ya tatu. Colby alikuwa na miaka kumi na miwili." Kimbrough alikohoa kidogo. "'Wapendwa wote wa Chemchemi Tisa. Asanteni kwa wiki nyingine iliyobarikiwa. Chakula kilikuwa kizuri, na Colby amejifunza nyimbo sita. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya Tripp, ambaye amekuwa kama kaka ambaye Colby hakujaliwa kuwa naye. Tungefurahi sana mwakani wakiwekwa tena kibanda kimoja.'"

Aliiweka karatasi chini. Mashine ya karani ilitulia.

Lorna hakuthubutu kumtazama mwanawe. Aliona tu mikono yake juu ya meza, mikono mikubwa yenye makovu ya waya, na jinsi kidole gumba kimoja kilivyokuwa kinakisugua kingine.

"Uliomba awekwe naye tena," alisema Kimbrough. "Ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Mama mwenye wasiwasi huandika hivi?"

"Sijui mama wengine huandikaje."

"Wewe je? Katika miaka hiyo minne, uliwahi kulalamika kwa kambi? Kwa simu, kwa mdomo, kwa maandishi? Mahali popote?"

Lorna alifungua kinywa aseme hapana. Hapana ndilo jibu alilokuwa amejipa kwa miaka kumi na tatu, hata peke yake, hata akiosha vyombo. Lakini macho yake yalikuwa bado juu ya karatasi ya tatu, chini kabisa, pale maneno 'kibanda kimoja' yalipokomea. Chini ya maneno hayo hapakuwa na kitu. Hapakuwa na jina.

"Naomba niende msalani," alisema.

*

Kwenye korido alimshika Renata mkono, akaukaza kuliko alivyokusudia.

"Ile kadi haijaisha."

"Haijaisha vipi?"

"Haina jina langu. Sijawahi kuacha kuandika jina langu. Niliishiwa nafasi mbele, nikageuza. Niliandika nyuma."

"Uliandika nini nyuma?"

Lorna alitazama zulia. Mwaka ule Colby alirudi nyumbani akawa analala amevaa viatu. Alipomuuliza, alisema miguu inahisi baridi, mwezi wa saba, wakati mbwa wenyewe walikuwa wamejilaza chini ya gari wakihema. Lorna akapitisha siku nne akiwaza amwambie nani. Kwetu mwanamke halalamiki ovyo. Ukiwa na neno na mtu, unalivisha. Unaweka shukrani mbele, unaweka upendo mwisho, na neno lako unalichomeka katikati, dogo, ili anayetaka kuliona alione na asiyetaka asiaibike. Basi alishukuru chakula, akamshukuru Tripp, akasifu nyimbo, halafu akageuza kadi.

"Niliuliza kama kuna kitu kilimpata usiku, kibandani. Nikawaomba wanipigie simu."

"Wakapiga?"

"Hawakupiga. Nikasema moyoni, kama kungekuwa na kitu wangepiga. Hawa ni watu wa Mungu, wana simu. Kisha Krismasi ikaja, kisha Pasaka. Mwezi wa saba nikamfungia mabegi."

Renata aliegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, sauti yake haikuwa kavu. "Bi. Teague, wamenipa nakala za upande wa mbele tu, zote nne. Tukizidai zile halisi, watalazimika kuzileta. Kama hayo maneno yapo, hoja yao imekufa. Lakini lazima nikuambie ukweli. Kadi hiyo itawakata wao, na itakukata wewe. Atakuuliza kwa nini ulimrudisha. Itachapwa, na mtu yeyote ataweza kuisoma. Magazeti pia."

"Na nikinyamaza?"

"Ukijibu hapana, utakuwa umesema uongo chini ya kiapo, na hilo mimi siwezi kulikalia kimya. Ukisema hukumbuki..." Hakumaliza.

"Nakumbuka," alisema Lorna.

Colby alikuwa mwisho wa korido, mbele ya mashine ya kahawa, akihangaika na sarafu. Lorna alikwenda akasimama kando yake. Alimwambia yote, bila kulia na bila kujitetea, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyoharibika ghalani.

Colby alisikiliza mpaka mwisho. Mashine ilimtemea kahawa nusu kikombe.

"Uliuliza," alisema.

"Niliuliza."

"Hawakujibu."

"Hawakujibu."

"Ukanirudisha."

"Nikakurudisha, mwanangu."

Colby alikunywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja, ingawa ilikuwa moto. "Mwaka wa nne ndio ulikuwa mbaya kuliko yote, mama."

Lorna alisimama wima. Aliona kwamba akiomba msamaha hapo, mwanawe atalazimika kumfariji, na siku hiyo haikuwa zamu yake ya kufarijiwa.

"Miaka yote hii nimejisifu kwamba nilijua kuficha," alisema Colby. "Nilidhani nilikuwa fundi. Kumbe uliona."

"Hukujua kuficha hata kidogo. Ulikuwa unalala na viatu. Mimi ndiye niliyejua kutoona."

Colby alikiponda kile kikombe cha karatasi mkononi, akakitazama, akakitupa. Mtu wa ofisi nyingine alikuja, akawaona, akageuka kana kwamba amesahau kitu.

"Nimekukasirikia sana," alisema Colby.

"Najua."

"Nitakukasirikia na kesho."

"Haya."

"Lakini waliona karatasi, mama. Mtu aliishika mkononi akaisoma. Mimi kule nilikuwa najiambia hakuna mtu mzima hata mmoja duniani anayejua." Alimtazama sasa, usoni. "Rudi ndani ukaidai."

*

Kimbrough alikuwa amesimama dirishani. Waliporudi alisogeza kiti chake, akatabasamu tena, akarudia swali lake karibu neno kwa neno: aliwahi kulalamika mahali popote?

"Ndiyo," alisema Lorna.

Kalamu ya Kimbrough ilisimama. "Samahani?"

"Kwa maandishi. Jibu liko nyuma ya kadi uliyonisomea mwenyewe. Igeuze."

Aliigeuza kweli, kabla hajafikiri. Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Hapa hapana kitu, Bi. Teague."

"Hapo hapana, kwa kuwa aliyeitoa nakala alitoa ya mbele tu. Tazama chini. Unaona jina langu? Mimi nina miaka hamsini na saba, sijawahi kutuma kadi bila jina. Mama yangu angefufuka. Mlio nayo kadi halisi ni nyinyi. Kailete."

Renata alisema kwa utaratibu wa kisheria jambo ambalo Lorna alikwisha kulisema kwa utaratibu wa jikoni, na karani akaandika yote mawili. Kimbrough alichukua muda kupanga karatasi zake zikae sawasawa. Alipoinua uso, upole ulikuwa umepungua.

"Tuseme ni kweli. Tuseme uliandika. Basi ulikuwa na shaka."

"Nilikuwa nayo."

"Shaka ya kutosha kuuliza."

"Ndiyo."

"Na baada ya mwaka mmoja ulimpeleka tena mwanao, mahali pale pale, kwa mtu yule yule."

"Nilimpeleka. Mimi mwenyewe niliendesha gari. Nilimpakia mkate wa ndizi na soksi sita." Sauti yake ilitetemeka kwenye soksi, akaisubiri itulie. Kisha akamgeukia karani, mwanamke wa umri wake, ambaye vidole vyake vilikuwa vimepunguza mwendo. "Andika hivyo hivyo, dada. Usipunguze neno. Mimi nilikosea na nimesema. Sasa muulizeni na aliyeisoma kadi yangu alikosea nini."

*

Ilichukua wiki tano na amri ya hakimu. Kadi halisi ilipofika, Renata aliendesha gari mwenyewe kutoka Kansas City, akaiweka mezani kwao ndani ya mfuko wa plastiki. Mbele ilikuwa na ua la zambarau. Nyuma, kwa mwandiko ule ule uliobanana, ilisema:

*Jambo moja dogo. Colby amerudi ana hofu ya usiku, na hataki kuniambia kwa nini. Je, kuna kitu kilimpata kibandani? Tafadhali nipigieni, saa yoyote. Labda ni mimi tu. Kwa upendo wa Kristo, Lorna Teague.*

Pembeni palikuwa na muhuri wa ofisi wa kupokelea barua, wenye tarehe. Chini ya muhuri, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na herufi za mwanzo za jina la mkurugenzi wa kambi na neno moja: *Isijibiwe.*

Verlin aliisoma mara mbili. Aliinuka, akaenda kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, na wote wakasikia nyundo ikigonga chuma ambacho hakikuwa kinahitaji kugongwa.

Kambi haikusubiri wiki ipite. Ofa mpya ilikuwa dola laki tisa. Colby na Lorna waliibeba wakaenda nayo karakanani, kwa kuwa Verlin alikataa kutoka. Alizima mashine, akainua kinga ya uso.

"Laki tisa," alisema Colby.

"Ukurasa wa nne?"

"Bado upo. Sasa umekuwa wa sita."

"Umenenepa," alisema Verlin. Alivua glavu, kidole baada ya kidole. "Wewe unataka nini? Kesi ni yako. Mimi nimebebwa tu humu kama mzigo."

"Nataka wakiondoe kile kifungu. Renata anasema wakikiondoa, fedha zitapungua. Pengine sana."

"Zipungue."

"Baba, wewe ndiye uliyetaka iishe."

"Nilitaka iishe kwa sababu niliona aibu." Alilisema neno hilo kwa shida, kama mtu anayetema msumari aliokuwa ameubana midomoni. "Niliona aibu kanisani, niliona aibu kituo cha mafuta. Aibu ya nini, Colby? Mama yako amekwenda kule ghorofani, amesema mbele ya mashine: nilikosea. Mwanamke ambaye hajawahi kukubali hata kwamba biskuti zake zimeungua."

"Hazijawahi kuungua," alisema Lorna.

"Unaona? Yeye kasema bure. Wao wanatoa laki tisa ili wasiseme." Aliivaa tena glavu moja, halafu akasahau kuvaa nyingine. "Waambie mdomo wa Teague hauuzwi. Waambie hivyo hivyo. Au yule mama wa Kansas City aliweke kwa lugha yao, lakini maana iwe hiyo."

Kwa majuma manne mengine kambi ilikataa, ikatisha, ikanyamaza. Kisha ikakubali laki tano na nusu, bila kifungu cha usiri, na barua iliyotiwa saini na bodi yote ikisema kwamba kambi iliulizwa na haikujibu. Colby aliipeleka barua hiyo kwenye gazeti la wilaya. Gazeti liliichapa pamoja na kurasa mbili za mahojiano ya mama yake, soksi na mkate wa ndizi na vyote.

Ndipo Lorna alipoonja bei yake. Watu waliokuwa wanamwombea sasa walikuwa na maneno ya kumwambia usoni. Dukani, mbele ya friji la maziwa, Nadine Fitch alimsubiri amalize kuchagua.

"Mimi sikulaumu, Dada Lorna. Nasema tu, ingekuwa ni mimi, nisingemrudisha mwanangu."

Wanawake wawili nyuma yake walijifanya kusoma tarehe kwenye vifuniko vya maziwa.

"Ni kweli, Nadine, mimi nilimrudisha," alisema Lorna, bila kushusha sauti. "Wa kwako alikuwa kwenye kambi hiyo hiyo. Umeshamuuliza?"

Lorna alichukua maziwa yake na siagi, akasimama kwenye foleni ndefu ingawa ile fupi ilikuwa wazi, ili kila aliyetaka kumtazama apate nafasi.

*

Siku moja ya Oktoba, watoto wakiwa wameshakula na kurudi madarasani, mwanamume mmoja alisimama kwenye mlango wa ukumbi wa chakula, kofia mkononi. Alikuwa mzee, ovaroli zake safi zikiwa na alama za pasi, na karani wa ofisi ya shule alikuwa nyuma yake akieleza kwamba alimwambia asubiri lakini hakusubiri.

"Namtafuta Bi. Teague."

"Umempata. Kama ni chakula, zimebaki tambi."

"Si chakula. Naitwa Orval Buntin. Nimetoka Arkansas, nimeendesha tangu asubuhi." Alizungusha kofia kwa vidole. "Nilisoma gazeti. Binti yangu alilipata kwenye simu yake, akanisomea. Mjukuu wetu tulimlea sisi, mimi na mke wangu Imogene. Alikwenda Chemchemi Tisa miaka mitatu."

Lorna aliweka chini upawa.

"Sasa ni mtu mzima, yuko Tulsa. Haongei nami. Alituambia yaliyompata huko wakati Imogene anaumwa, akasema bibi lazima alijua, bibi alikuwa anajua kila kitu. Imogene akafa siku tisa baadaye. Hakupata kumjibu." Mzee alikohoa. "Kule nyumbani nilimwendea mama mmoja, mtoto wake aliwahi kulipwa na kambi hiyo. Alilia, lakini akasema hawezi kuniambia kitu, alitia saini. Alinifungia mlango taratibu sana. Kwa hiyo sijui kama na wewe pia..."

"Mimi sikutia saini kitu," alisema Lorna. "Niulize lolote."

Alizunguka kaunta, akavuta viti viwili kati ya vile vya watoto, vyekundu na vifupi, akakaa kwenye kimoja. Mzee Buntin alikitazama kiti chake, akakikalia, magoti yakamfika kifuani. Hakuna aliyecheka.

"Imogene ndiye aliyekuwa anaandika zile kadi," alisema. "Mimi si mtu wa kuandika. Nataka tu kujua kama na yeye aliuliza. Kama aliuliza, nimwambie kijana. Kama hakuuliza, nimwambie pia. Lakini nijue."

Lorna alifungua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka magotini. Karani wa ofisi alikuwa bado amesimama mlangoni, akisikiliza kila neno. Lorna hakumfukuza.

"Zitakuwa ziko kule," alisema. "Wanahifadhi kila karatasi. Nitakupa namba ya wakili, na nitakwenda na wewe kama unataka. Niambie kwanza, mzee. Mkeo alikuwa anatia jina lake wapi, mbele au nyuma?"